KABLA KWAYA HAIJANUNUA GITAA LA MTUMBA, LIPIMENI UZITO

Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, kuhara, lishe ya watoto na uzazi salama. Safari hii tutazungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtalicheka: uzito wa gitaa la besi. Nawaombeni msicheke kabla ya kufika mwisho. Kwaya nyingi za huku kwetu, tangu Shinyanga na Kahama hadi Geita, hukusanya michango wakati wa kuuza pamba ili zinunue vyombo, na vyombo vingi vinavyonunuliwa ni vya mtumba. Wanunuzi huangalia bei, rangi na sauti. Ni nadra sana kumwona mtu akiuliza, "Je, lina kilo ngapi?" Na atakayeulipa uzito huo kila wiki ni mtoto wa mmoja wenu.

KIJANA ALIYEANGUSHA KIKOMBE

Alikuja kwetu kijana wa miaka 26, baba wa watoto wawili. Siku za kazi hufanya kazi katika maduara ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, akipandisha na kubeba mifuko ya mawe kupeleka kwenye karasha. Jumapili hupiga gitaa la besi katika kwaya ya parokia yake. Alilalamika kwamba kidole kidogo na kile cha pete cha mkono wa kushoto vina ganzi, na kwamba usiku huamka mkono ukiwa kama umechomwa sindano nyingi. Wiki hiyo alikuwa ameangusha kikombe cha chai mbele ya wakwe zake, akaona aibu, ndipo alipoamua kuja hospitali.

Kabla ya kuja alikuwa amekwisha tumia fedha nyingi. Alichomwa sindano za maumivu katika duka la dawa. Jirani mmoja alimwambia kuna mtu anayemwonea wivu. Hakuna aliyemwuliza juu ya kazi zake. Nilipomwuliza, alinieleza habari za mifuko ya mawe, nami nikadhani nimepata jibu. Lakini mifuko hiyo aliibeba kwa mabega yote mawili kwa zamu, na ganzi ilikuwa upande mmoja tu. Ndipo aliposema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba ganzi huzidi siku za mazoezi ya kwaya.

Nikampa ufagio aushike kama gitaa. Mara moja bega la kushoto likapanda juu, shingo ikainama, kifundo cha mkono kikapinda. Nikamwomba siku ya marudio aje na gitaa lenyewe. Alilileta mgongoni kwa baiskeli. Kliniki ya watoto ilipokwisha, tulilitundika katika mizani ile ile tunayopimia watoto. Mshale ulisimama kwenye kilo 5 na gramu 400. Mkanda wake ulikuwa kipande cha turubai chenye upana wa vidole viwili.

Gitaa lile lilikuwa la kuazima kutoka bendi moja. Kwaya ilikuwa ikichanga fedha ili inunue la kwake kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa muziki, tarehe 22 Novemba. Wazee wa kwaya walikuwa wamekwisha chagua gitaa la mtumba ambalo, kwa maneno ya kijana yule, lilikuwa zito kuliko hilo. Walilipenda kwa sababu ya uzito huo. Walisema, "Kitu kizito ndicho imara."

KILO TANO NI NYINGI KIASI GANI?

Mchimbaji anayebeba mfuko wa kilo 50 atasema kilo 5 si kitu. Akina mama watanielewa upesi zaidi. Mtoto aliyezaliwa salama huwa na kilo 3 hivi. Akifikisha mwezi mmoja huwa na kilo 4 au 4 na nusu. Basi gitaa lile lilikuwa sawa na mtoto wa miezi miwili hivi aliyenona vizuri.

Mama, wewe hukumbeba mtoto wa namna hiyo kwa kumning'iniza bega moja kwa kamba. Humfunga mgongoni kwa kanga au kitenge, uzito ukaenea mgongo mzima, kiunoni na kwenye mabega yote mawili. Akichoka bega, humhamisha. Mpigaji wa besi hawezi kufanya hivyo. Uzito wote hushikiliwa na mkanda mmoja, mahali pamoja, upande ule ule kila siku. Mchimbaji naye hutua mfuko wake baada ya hatua mia moja au mia mbili. Mpigaji hutua baada ya saa mbili.

Hesabuni wenyewe. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, ni saa nne. Misa mbili za Jumapili ni saa tatu nyingine au zaidi. Hizo ni saa saba kwa wiki. Wakati wa Pasaka, Noeli, jubilei na harusi, saa hizo huongezeka maradufu. Uzito mdogo unaokaa mahali pamoja muda mrefu huumiza kuliko uzito mkubwa unaotuliwa upesi.

KWA NINI GITAA LA BESI NI ZITO?

Mimi si mpigaji, lakini niliwauliza wapigaji na mafundi, na haya ndiyo niliyojifunza. Gitaa la besi la umeme lilianza kuuzwa kwa wingi na Leo Fender wa Marekani mwaka 1951. Kabla ya hapo wapigaji walitumia besi kubwa ya kusimama, refu kuliko mtu. Gitaa la Fender lilipunguza sana mzigo, lakini bado lilihitaji nyuzi nene na ndefu ili litoe sauti nzito. Urefu wa uzi, kutoka kichwani hadi kwenye daraja lake, ni kama sentimita 86. Kwa hiyo shingo ni ndefu, ina chuma ndani cha kuizuia isipinde, na funguo za kukazia nyuzi ni kubwa.

Kiwiliwili chake huwa ubao mzima usio na uwazi, na hapo ndipo uzito unapotofautiana sana. Ninyi mnaoishi na miti mnajua jambo hili. Ubao wa mpingo huzama majini. Mninga huelea. Mti mwepesi kama mkuyu mtu huuinua kwa mkono mmoja. Magitaa nayo ni hivyo hivyo. Mawili yanaweza kufanana umbo, rangi na jina la kiwanda, na bado moja likalizidi jingine kwa kilo nzima au zaidi, kwa sababu ubao wake ulitoka mti mwingine. Magitaa mengi yaliyotengenezwa miaka ya 1970 yanajulikana miongoni mwa wapigaji kwa uzito wake. Magitaa yenye nyuzi tano nayo kwa kawaida huwa mazito kuliko ya nyuzi nne.

Kwa kipimo cha jumla, gitaa la besi lisilofika kilo 4 ni jepesi. Kati ya kilo 4 na 4 na nusu ni la kawaida. Likizidi kilo 4 na nusu ni zito. Likizidi kilo 5, mpigaji wa saa nyingi ataumia asipochukua hadhari.

JE, GITAA ZITO LINA SAUTI NZURI ZAIDI?

Hili ndilo swali ambalo wazee wa kwaya waliniuliza nilipokwenda kuzungumza nao. Jibu ni kwamba uzito pekee hauwezi kuwaambia sauti ikoje. Gitaa la kawaida lisilo la umeme hutegemea sanduku lake la mbao kukuza sauti. Gitaa la besi la umeme halina sanduku hilo. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hizo, mkondo mdogo wa umeme hutokea, huenda kwenye amplifaya, kisha kwenye spika. Kwa hiyo yanayotawala sauti kwa sehemu kubwa ni nyuzi, pikapu, amplifaya, spika na vidole vya mpigaji. Ubao una mchango wake, lakini nyuzi zilizochakaa na spika iliyopasuka vitaharibu sauti ya ubao wowote.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Paul McCartney wa kundi la The Beatles. Mwaka 1961, akiwa Hamburg, Ujerumani, alinunua gitaa la besi la Höfner lenye umbo la fidla. Ndani lina uwazi, na uzito wake haufiki kilo 3. Alipiga gitaa la aina hiyo katika nyimbo zilizosikika kila pembe ya dunia, wala hakuna aliyesema sauti yake ni hafifu. Lile la kwanza liliibwa mwaka 1972, likapatikana na kurudishwa kwake baada ya zaidi ya miaka 50, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2024. Watu walilitafuta miaka hiyo yote ingawa lilikuwa jepesi.

Hata uimara hauji kwa uzito. Gitaa huharibika shingo ikipinda, dumuzi wakila ubao, maji yakiingia, au likianguka. La kilo 5 likianguka huumia kuliko la kilo 3 na nusu.

KINACHOTOKEA MWILINI

Mishipa ya fahamu inayoendesha mkono hutoka kwenye uti wa mgongo, hapo shingoni, ikiwa na mashina matano kila upande. Mashina hayo huungana, hupita katikati ya misuli ya shingo, hupita juu ya ubavu wa kwanza na chini ya mtulinga, kisha hushuka kwapani hadi kwenye vidole. Wekeni kidole katika shimo lililo juu ya mtulinga. Mishipa hiyo ipo hapo, haiko mbali na ngozi. Na mkanda wa gitaa hupita karibu na hapo hapo.

Mambo matatu hutokea:

1. Mkanda mwembamba hukata. Uzito ule ule ukikaa juu ya mkanda wa sentimita 4 hukandamiza mara mbili kuliko ukikaa juu ya mkanda wa sentimita 8. Ni kama ndoo ya maji: mpini wa waya hukata kiganja, lakini ukiuzungushia kitambaa unatembea nayo hadi nyumbani.

2. Msuli haupumziki. Mpigaji huliinua bega bila kujijua ili mkanda usiteleze. Msuli mpana unaotoka shingoni hadi begani hukaa umekaza saa nzima. Msuli uliokaza haupati damu ya kutosha, huanza kuuma, kisha kichwa nacho huuma upande wa nyuma. Wengi humeza dawa za malaria kwa maumivu hayo bila kupima.

3. Mkono wa kushoto hufanya kazi mbili. Kama kichwa cha gitaa ni kizito kuliko kiwiliwili chake, gitaa huinamia upande huo. Mpigaji hulazimika kulishikilia kwa mkono ule ule unaobonyeza nyuzi. Kifundo hupinda, kidole gumba hukaza, na mishipa ya kifundoni hubanwa pia.

Mwanzoni ganzi huondoka dakika chache baada ya kutua gitaa. Huo ni wakati wa kusikiliza. Ikiachwa kwa miezi, huanza kukaa hadi asubuhi, kisha vidole hupoteza nguvu. Mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu hupona polepole sana, na mara nyingine haurudi kama ulivyokuwa. Kwa kijana anayeishi kwa kuchimba, kulima au kushona, mikono ndiyo shamba lake.

NAMNA YA KUPIMA KABLA YA KULIPA

Mnapotuma watu Mwanza au Kahama kununua gitaa la mtumba, msimtume mtunza hazina peke yake. Mpigaji lazima aende. Kisha fanyeni hivi:

1. Lipimeni kwa mizani. Mizani ya kutundika ya muuza nyama au ya muuza samaki inatosha. Kama ipo mizani ya kusimama juu yake, mpigaji apime bila gitaa, kisha apime akiwa nalo, na tofauti ndiyo uzito wake. Msitegemee kuinua kwa mkono dukani. Kwa dakika moja kila gitaa ni jepesi.

2. Alivae kwa dakika 20. Asipige tu wimbo mmoja. Asimame nalo huku ninyi mkiendelea kupatana bei. Bega likianza kuwaka kabla ya dakika 20, litafanya nini katika Misa ya kipaimara?

3. Aachie mikono. Akiwa amesimama na mkanda umevaliwa, aondoe mikono yote miwili polepole, awe tayari kulidaka. Gitaa zuri hubaki lilipo. Likidondosha kichwa chini, ni kasoro, hata kama uzito wake ni mdogo. Gitaa la kilo 4 na nusu lililosawazika linaweza kuwa afadhali kuliko la kilo 4 linaloanguka kichwa.

4. Akae na kusimama. Kifundo cha mkono wa kushoto kinyooke katika hali zote mbili. Kama mkanda ni mrefu hata gitaa linafika mapajani, kifundo kitapinda. Vijana hupenda hivyo kwa sababu ya picha za wanamuziki. Waambieni waupandishe.

5. Chunguzeni wepesi wa ajabu na uzito wa ajabu. Matundu madogo yanayotoa unga ni dalili ya dumuzi. Rangi nene mahali pamoja huenda imeficha ufa. Angalieni shingo kwa kuitazama kutoka kichwani, kama mnavyotazama ubao kwa fundi seremala. Tikiseni vishikio viwili vya mkanda. Kishikio kilicholegea humwangushia mtu gitaa mguuni.

6. Hesabuni na sanduku lake. Sanduku gumu linaweza kuongeza kilo 4 au 5. Kwa anayesafiri kwa baiskeli au bodaboda, mfuko laini wenye mikanda miwili ya mgongoni ni salama zaidi kwa mwili wake, mradi shingo ya gitaa isimzidi kichwa sana na kugonga matawi njiani.

KAMA GITAA ZITO MNALO TAYARI

Msilitupe. Wengi hawana fedha za kununua jingine. Yapo mengi ya kufanya kwa gharama ndogo.

Kwanza, mpatieni mkanda mpana wa sentimita 8 hadi 10. Fundi viatu wa sokoni anaweza kuushona kwa ngozi, akaweka sponji ndani. Upande wa ndani uwe wa ngozi isiyolainishwa ili usiteleze, maana mkanda usioteleza husaidia pia gitaa lisiangushe kichwa.

Pili, mazoezi yafanyike akiwa amekaa. Kiti kisicho na mikono, miguu yote chini, gitaa juu ya paja. Asimame siku ya Misa tu.

Tatu, apumzike kila baada ya nusu saa. Wakati mwalimu wa kwaya anafundisha sauti ya kwanza, hakuna sababu ya mpigaji kusimama na mzigo. Atue, azungushe mabega mara kumi nyuma, ainamishe sikio upande wa kulia taratibu, ahesabu hadi ishirini, kisha upande wa kushoto.

Nne, fundisheni mpigaji wa pili. Parokia yenye mpigaji mmoja humchosha huyo mmoja, na akiugua wimbo husimama.

Tano, watoto walio chini ya miaka 14 wasiachiwe gitaa zito wakiwa wamesimama. Na mama anayenyonyesha aangalie mkanda usipite juu ya titi. Mkandamizo wa namna hiyo unaweza kuziba njia za maziwa na kuleta uvimbe.

Tena, anayebeba mizigo siku za kazi apate nafasi kati ya mizigo na gitaa. Asitoke duarani Jumamosi jioni na kwenda mazoezini moja kwa moja. Sisi wauguzi tunaoinua wagonjwa tunajua jambo hili: mgongo huhesabu mizigo yote ya siku pamoja, wala hauulizi upi ulikuwa wa kazi na upi wa ibada.

SI KILA GANZI NI YA GITAA

Naandika sehemu hii kwa mkazo. Msisome makala hii kisha mkalaumu gitaa kwa kila ugonjwa. Nendeni kituo cha afya au hospitali upesi mkiona mojawapo ya haya:

Ganzi pamoja na baka la ngozi lililopauka ambalo halihisi mguso. Huo unaweza kuwa ukoma. Unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Ganzi ya miguu yote miwili pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara. Inaweza kuwa kisukari.

Mikono inayotetemeka kwa mtu anayechoma zebaki au anayeishi karibu na mahali inapochomwa. Mvuke wa zebaki hudhuru mishipa ya fahamu, na tatizo hilo halitaponywa na mkanda wa gitaa.

Maumivu ya mgongo au shingo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa.

Maumivu ya kifua yanayoshuka mkono wa kushoto, hasa kwa mtu mzima, pamoja na jasho na kukosa pumzi. Huenda ni moyo. Msingoje asubuhi.

Mkono uliopoteza nguvu ghafla, au mdomo uliopinda. Huenda ni kiharusi. Hapo saa moja ni nyingi.

Na kuhusu sindano na vidonge vya maumivu kama diklofenaki: vikitumiwa ovyo huumiza tumbo na figo. Vinanyamazisha maumivu huku mkanda ukiendelea kubana.

KWAYA ILIVYOAMUA

Nilipomaliza kuzungumza na wazee wa kwaya ile, mmoja wao, mkulima wa pamba aliyekuwa ametoa mchango mkubwa, aliniambia, "Mama, mimi nilitaka kitu ambacho wajukuu watakikuta." Nikamjibu, "Mzee wangu, na kijana je? Wajukuu wamkute ana mkono gani?" Alinyamaza, kisha akaomba kulivaa gitaa lile la kuazima. Tuliendelea na mazungumzo mengine. Baada ya robo saa akaomba kusaidiwa kulivua.

Hawakununua lile zito. Walipata jingine Mwanza, limechubuka rangi, nyuzi nne, kilo 3 na gramu 900, na bei yake ilikuwa ndogo zaidi. Fedha iliyobaki ilinunua nyuzi mpya na mkanda wa ngozi. Sikukuu ya Sesilia ilipofika, besi ilisikika hadi nje ya kanisa.

Kijana wetu alipumzika kupiga kwa wiki sita na kufanya mazoezi ya mabega tuliyomfundisha. Ganzi ya usiku imeondoka. Kidole kidogo bado hakijapata nguvu zake zote, nami nimemwambia ukweli kwamba huenda kikachukua muda mrefu. Angekuja mapema, tungekuwa na la kusema zaidi. Katika wiki zile sita alimfundisha binti mmoja wa kwaya kupiga, na sasa hupokezana: yeye Misa ya kwanza, binti Misa ya pili.

Wazazi wenzangu, mtoto wenu akirudi kutoka mazoezini akisugua bega, msimwambie ni uvivu. Mwulizeni amebeba nini, kwa saa ngapi, na kwa mkanda wa namna gani. Kisha litafuteni lile gitaa, mlitundike kwenye mizani.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Muuguzi wenu.